Mota Inapozimwa, Mkondo Unapita Wapi? Mwongozo Kamili wa Kufifia kwa Mkondo na Breki kwenye Daraja la H

Kigari cha kwanza cha roboti nilichounda kilikuwa na tabia za mtoto mkaidi. Nikikiinua magurudumu yakazunguka hewani, PWM (kuwasha na kuzima umeme upesi upesi, ukiwaka kwa asilimia fulani ya muda) ya asilimia 15 ilitosha kuyafanya yavume kama feni. Nikikiweka sakafuni, asilimia 15 ile ile haikukisogeza hata kidole kimoja. Nikipandisha hadi 40, kinachomoka. Nikishusha hadi 20 ili kipunguze mwendo, kinaendelea kuteleza kana kwamba sijakiambia kitu. Nilishuku betri, nikashuku gia, nikafikia hata kubadilisha mota. Kumbe kosa lilikuwa waya mmoja: niliipeleka PWM kwenye pini ya kuwezesha draiva (chipu inayoendesha mota), badala ya pini ya mwelekeo.

Waya huo haukubadilisha chochote katika muda ambao transista za draiva zimewaka. Ulibadilisha kinachotokea zikizima. Tabia ya mota, yaani mwendo wake wa chini, nguvu yake na jinsi inavyosimama, huamuliwa zaidi na vipande hivyo vya muda ambavyo tunavidharau kwa sababu tunaviita "kuzima".

Koili ya mota haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Ukiziba njia, itapandisha volteji hadi ipate njia nyingine, hata kama ni kwa kuunguza transista. Kwa hiyo swali la "mkondo umezimwa?" halina maana sana. Maswali ya kuuliza ni mawili: sasa mkondo unapita njia gani, na katika njia hiyo unakutana na volteji kiasi gani ya kuupinga? Mwongozo huu wote ni kuyajibu maswali hayo kwa mota ya DC yenye brashi.

Njia tatu ndani ya daraja

Chora daraja la H, yaani saketi ya transista nne inayoipa mota umeme kwa mwelekeo wowote kati ya miwili. Upande wa A una transista ya juu na ya chini. Upande wa B vilevile. Mota iko katikati. Kila transista ina diodi iliyofungwa kinyume nayo. Katika mosfeti (transista inayowashwa kwa volteji) diodi hiyo huzaliwa nayo; katika draiva za zamani za transista za kawaida, kama L298N, lazima uifunge mwenyewe kwa nje (bodi nyingi za L298N huja nazo tayari).

Mota inakwenda mbele: A-juu na B-chini zimewaka, mkondo unatoka A kwenda B. Sasa unataka kuzima. Una njia tatu.

Ya kwanza, zima zote nne. Mkondo hauna budi kuendelea kuelekea B, hivyo unapanda kupitia diodi ya B-juu na kuingia kwenye chanya ya betri, kisha unarudi kutoka ardhi kupitia diodi ya A-chini. Koili inajikuta inasukuma mkondo dhidi ya volteji nzima ya betri. Mkondo unakufa upesi, na ukifika sifuri diodi zinafunga; mota inabaki huru. Hii ndiyo huitwa kufifia haraka.

Ya pili, zima A-juu peke yake kisha washa A-chini. Sasa ncha zote mbili za mota zimeunganishwa na ardhi, na mkondo unazunguka ndani: mota, B-chini, A-chini, mota. Betri haihusiki kabisa. Kinachoupinga mkondo ni ukinzani wa koili na volteji kinzani ambayo mota huizalisha kwa kuzunguka. Hii huitwa kufifia polepole.

Ya tatu, geuza daraja kabisa: zima hizi mbili, washa B-juu na A-chini. Volteji inayoupinga mkondo ni ile ile ya njia ya kwanza, ila hapa mkondo ukifika sifuri hausimami. Unavuka na kuanza kukua upande wa pili.

Ukiwahi kufunga rilei, umeshaliona jambo hili bila kulitambua. Diodi moja iliyofungwa kwenye koili ya rilei huifanya iachie kwa uvivu, kwa sababu mkondo unazunguka ukipingwa na volti 0.7 tu. Weka zena (diodi inayopitisha mkondo kinyume volteji ikifika kiwango fulani) mfululizo na diodi hiyo, rilei inaachia upesi. Fizikia ni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Ipime mota yako

Unahitaji namba tatu. Ukizikosa, utabaki kubahatisha.

Ukinzani: shika shafti isizunguke, pitisha mkondo wa 1 A kutoka pawasaplai yenye kikomo cha mkondo, kisha pima volteji kwenye ncha za mota yenyewe, si kwenye pawasaplai. Volti 1 kwa 1 A ni omu 1. Usiamini kipimo cha omu cha multimita kwa ukinzani mdogo hivi. Waya za multimita zenyewe zinakula sehemu kubwa ya jibu. Geuza shafti kidogo, rudia mara sita au saba, chukua wastani, kwa sababu brashi hazigusi sawasawa kila mahali.

Volteji kinzani: iache mota izunguke bila mzigo kwa volteji yake ya kawaida. Tuseme ni 12 V, inakula 0.4 A, na inazunguka mara 5,800 kwa dakika. Volteji kinzani ni 12 − (0.4 × 1) = 11.6 V, yaani volti 2 kwa kila mizunguko 1,000. Namba hii haibadiliki. Mota ikisukumwa kwa mkono au na mteremko itazalisha volteji hiyo hiyo.

Muda wa koili: shika shafti tena, washa umeme ghafla, na tazama mkondo kwenye osiloskopu. Muda unaochukua kufika asilimia 63 ya kilele chake ndio huo. Ni induktansi (kiasi ambacho koili hupinga mabadiliko ya mkondo) ikigawanywa kwa ukinzani. Mota yetu ya mfano ina 0.5 mH na omu 1, hivyo ni 0.5 ms.

Mota hii nitaitumia hadi mwisho. Badilisha namba kwa za kwako.

Hatua ya 2: Jua mkondo unafifia kwa kasi gani hasa

Hapa ndipo majina yanapotudanganya.

Mota imesimama, volteji kinzani ni sifuri, mkondo ni 3 A. Ukifuata njia ya kwanza, mkondo unafika sifuri kwa takriban 0.11 ms. Ukifuata njia ya pili, hadi ushuke kufika 0.3 A zinapita kama 1.15 ms. Tofauti ni mara kumi. Majina yanastahili.

Sasa mota inazunguka mara 4,500 kwa dakika, volteji kinzani 9 V, mkondo ule ule wa 3 A. Njia ya kwanza inakutana na 12 na 9 kwa pamoja, volti 21, na inamaliza kazi kwa 0.07 ms. Njia ya pili inakutana na volti 9, na mkondo unafika sifuri kwa 0.14 ms. Huko ndiko "polepole" kwenyewe! Mota ikiwa mbioni, kufifia polepole kuna kasi inayokaribia kufifia haraka.

Na hadithi haiishii sifuri. Katika njia ya pili transista mbili za chini bado zimewaka, na mosfeti iliyowaka hupitisha mkondo pande zote mbili. Mkondo ukivuka sifuri unageuka, na kuanzia hapo mota haisukumwi tena, inavutwa nyuma. Umeshaingia kwenye breki bila kuandika mstari wowote wa breki.

Ndiyo maana draiva mbili zinazodai kutumia kufifia polepole zinaweza kuwa na tabia mbili tofauti. Ikiwa draiva inazima A-juu na kuiachia diodi ya A-chini ipitishe mkondo, bila kuiwasha transista yake, mkondo utafika sifuri na kukwama hapo, kwa sababu diodi haikubali kurudi. Hakuna breki. Ikiwa inaiwasha transista ya A-chini, mkondo unapita na kugeuka. Unaposoma hati ya draiva, usiishie kwenye neno "polepole". Tafuta kama njia ya mzunguko inapitia transista au diodi.

Hatua ya 3: Chagua hali kulingana na kazi

Kwa kazi nyingi za kuendesha magurudumu, mikono ya roboti na pampu, msimamo wangu ni mmoja: kufifia polepole kwa transista zilizowashwa. Sababu ni kwamba wastani wa volteji kwenye mota unakuwa asilimia ya kuwaka mara volteji ya betri, basi. Asilimia 50 ya 12 V ni 6 V, mota iwe na mzigo au isiwe nao, iwe inasukuma au inasukumwa. Programu yako ya kudhibiti mwendo inapata mfumo ulionyooka.

Kufifia haraka hakukupi unyoofu huo. Mkondo ukishafika sifuri, ncha za mota zinaonyesha volteji kinzani yake, si kitu ulichokiagiza. Bila mzigo mota inapanda mwendo hata kwa asilimia ndogo, kwa sababu hakuna cha kuivuta kati ya pigo na pigo. Ikiwekewa mzigo, mapigo yale yale hayatoshi. Kigari changu cha ukaidi ndicho hicho.

Hebu tuhesabu. Asilimia 15, mota imeshikwa isizunguke, PWM ya 490 Hz kama ile ambayo pini nyingi za bodi ya Arduino Uno hutoa bila kurekebishwa. Kwa kufifia polepole wastani wa mkondo ni 1.8 A. Kwa kufifia haraka, mkondo unapanda hadi 5.5 A, unakufa chini ya 0.2 ms, kisha kuna kimya hadi pigo linalofuata. Wastani ni karibu 0.7 A. Pandisha sasa frikwensi hadi 20 kHz. Kwa kufifia polepole wastani unabaki 1.8 A. Kwa kufifia haraka mkondo hauna hata nafasi ya kupanda kabla ya kusukumwa chini: wastani ni chini ya 0.03 A. Mota haitikisiki.

Ukisikia mtu akilalamika kwamba alipandisha frikwensi ili aondoe mlio na mota ikapoteza nguvu, muulize kwanza mkondo wake unafifia vipi. Mara nyingi frikwensi inasingiziwa.

Njia ya tatu, ya kugeuza daraja kila mzunguko, ina sifa yake: asilimia 50 ni kusimama, juu yake ni mbele, chini yake ni nyuma, na waya mmoja unatosha kwa mwendo na mwelekeo. Mota inashikiliwa vizuri hata karibu na sifuri. Gharama yake ni kwamba mkondo unapandashuka mara mbili zaidi. Kwa mota yetu kwenye 20 kHz, kilele cha kupandashuka ni 0.3 A kwa kufifia polepole na 0.6 A kwa kugeuza daraja, tena kilele hicho kinatokea mota ikiwa imesimama, ikipashwa moto bila kazi. Mota yenye induktansi ndogo sana haiifai njia hii.

Kufifia haraka kunabaki na kazi zake: pale unapotaka mkondo uondoke upesi kweli kweli, au unapotaka mota iteleze bila kuvutwa. Mota za hatua (zinazogeuka kwa hatua ndogo ndogo) ndiko kunakohitajika zaidi. Zikienda kasi, mkondo wa kila koili lazima upande na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na kufifia polepole hakuwezi kuufuata unaposhuka. Draiva ya A4988 hutumia kufifia polepole mkondo unapopanda, na mchanganyiko wa haraka na polepole unaposhuka. Hilo lina mambo yake mengi, niishie hapo.

Hatua ya 4: Funga pini kulingana na hali uliyoichagua

Draiva ya DRV8833 ina pini mbili, IN1 na IN2, kwa kila mota. Zote chini (0 V): mota huru. Zote juu: breki. Ukiiweka IN2 chini na kuipa IN1 PWM, kati ya mapigo mota inakuwa huru, hivyo unapata kufifia haraka. Ukiiweka IN1 juu na kuipa IN2 PWM, kati ya mapigo unapata breki, yaani kufifia polepole, ila hesabu imegeuka: PWM ya asilimia 0 kwenye IN2 ni mwendo kamili, na asilimia 100 ni breki. Usisahau kugeuza hesabu hiyo kwenye programu. Mimi niliisahau, na roboti ilipoamriwa kusimama ilikwenda kugonga ukuta kwa nguvu zake zote.

TB6612FNG imekuamulia. Pini yake ya PWM ikiwa chini, mota inafungwa kwa breki, hivyo kila PWM unayoipa ni ya kufifia polepole. Ukitaka mota huru, weka IN1 na IN2 zote chini.

L298N ndiyo iliyoniponza. PWM kwenye pini ya EN (ile ya kuwezesha) inazima daraja zima kati ya mapigo: kufifia haraka. Ili kupata kufifia polepole, acha EN juu muda wote, weka IN moja chini, na PWM uipe IN nyingine. Kwenye bodi zenye BTS7960 mambo yanafanana: acha R_EN na L_EN juu, LPWM chini, RPWM upewe PWM, na kati ya mapigo transista za chini zinawaka zenyewe. Ukipeleka PWM kwenye pini za EN, unarudi kwenye kufifia haraka.

Ukijenga daraja lako kwa mosfeti na draiva za geti (chipu zinazoziwasha mosfeti), kuna mambo mawili ya kuzingatia. Acha muda mfupi wa ukimya kati ya kuzima transista ya juu na kuwasha ya chini upande ule ule. Zikiwaka pamoja hata kidogo, betri imefungwa shoti. Pili, kama transista za juu zinawashwa kwa kapasita ya kujichaji, mkondo uzungushe kupitia transista za chini, si za juu, kwa sababu kapasita hiyo hujazwa wakati transista ya chini imewaka. Kwa sababu hiyo hiyo, asilimia 100 ya kudumu haitawezekana.

Hatua ya 5: Chagua frikwensi

Kwa kufifia polepole, hakikisha mzunguko mmoja wa PWM ni mfupi kuliko muda wa koili, heri uwe sehemu yake ya kumi. Muda wa 0.5 ms unaelekeza kwenye 20 kHz, ambayo pia inapita uwezo wa sikio la binadamu. Draiva zenye transista za kawaida huwaka na kuzima kwa uzito, na kila tukio la kuwasha lina joto lake. Kwa hizo nashuka hadi elfu chache na kuvumilia mlio.

Hatua ya 6: Amua mota itasimama vipi

Mota inazunguka mara 4,500, volteji kinzani 9 V. Unataka isimame. Hizi ndizo chaguo, kwa namba.

Iache huru: mkondo sifuri, inasimamishwa na msuguano peke yake.

Funga ncha zake pamoja: 9 V juu ya omu 1 ni 9 A zinazopita kinyume, na wati 81 zote zinageuka joto ndani ya koili na transista. Breki hii ina nguvu mwanzoni na inadhoofika kadiri mota inavyopungua. Kwenye mizunguko 450 mkondo ni 0.9 A tu, na mota ikisimama hakuna breki tena. Kwa hiyo haiwezi kushikilia gari mlimani; gari litashuka polepole. Kwa L298N hali ni duni zaidi: mkondo wa breki unapita transista moja na diodi moja, na hizo mbili hula takriban volti mbili. Kwa mota yetu, chini ya takriban mizunguko 1,000 breki haipo.

Geuza mwelekeo ghafla: −12 V na −9 V, volti 21 juu ya omu 1, ampea 21! Hiyo inapita hata mkondo wa mota iliyoshikwa isizunguke, ambao ni 12 A. Betri inatoa wati 252, mwendo unatoa wati 189, na zote 441 zinaishia kwenye koili. Inasimamisha kweli, lakini inakula brashi, inaweza kudhoofisha sumaku, na usipokata kwa wakati mota inaanza kurudi nyuma. Siitumii bila kikomo cha mkondo.

Punguza asilimia: hii ndiyo ninayoipenda. Kwa kufifia polepole kwa transista zilizowashwa, mkondo ni volteji ya wastani ukitoa volteji kinzani, gawa kwa ukinzani. Shusha PWM kutoka asilimia 80 hadi 50: 6 − 9 ni −3, hivyo 3 A za breki. Na hapa daraja linafanya jambo zuri. Transista za chini zikiwaka, mkondo wa breki unajijenga ndani ya koili. A-juu ikiwaka, mkondo huo unasukumwa kwenye betri. Betri inapokea wastani wa 1.5 A kwa 12 V, wati 18. Mwendo ulitoa wati 27. Zilizobaki 9 ni joto la koili. Breki ni 3 A tu, na theluthi mbili ya nishati imerudi nyumbani.

Ili breki ibaki 3 A wakati mwendo unapungua, lenga volteji ya wastani iwe volti 3 chini ya volteji kinzani. Kwenye 9 V weka asilimia 50, kwenye 6 V weka 25, kwenye 3 V weka 0. Kutoka hapo kufunga ncha pamoja hakuwezi tena kuzidi 3 A, iache iishe yenyewe. Kwenye programu huhitaji hata kuhesabu: weka kikomo cha kasi ya kushuka kwa PWM, kisha kirekebishe ukitazama mkondo. Kosa la kawaida ni kuirusha PWM kutoka 80 hadi 0 kwa amri moja na kushangaa kwa nini gia zinavunjika meno.

Hatua ya 7: Ipe nishati inayorudi mahali pa kukaa

Betri hupokea umeme; pawasaplai nyingi hazipokei. Umeme ukirudi na ukakosa pa kwenda, unajaza kapasita, na volteji inapanda.

Inapanda kiasi gani? Kigari cha kilo 2 kikienda mita 1 kwa sekunde kina joule 1. Nusu yake ikifika kwenye kapasita ya 1,000 µF iliyokuwa na 12 V, kapasita inafika karibu 34 V. TB6612FNG kikomo chake ni 15 V. Kuna draiva nilizoziua namna hii nikidhani ni mbovu tangu dukani, hadi nilipoona kwamba zinakufa wakati wa kusimama, si wakati wa kuondoka.

Angalia pia vitu vinavyoikata betri bila wewe kujua. Diodi uliyoiweka mfululizo kuzuia kugeuza nyaya za betri inazuia pia umeme kurudi. Betri ya lithiamu iliyojaa pomoni inaweza kukatwa na saketi yake ya ulinzi katikati ya breki, na ghafla daraja halina betri.

Dawa yake ni rezista ya breki: transista moja inayowasha rezista volteji ikifika, tuseme, 14 V. Kwa 1.5 A zinazorudi, omu 8.2 zinatosha, kwani kwa 14 V zinapitisha 1.7 A. Wati zake ni 24 kwa kitambo kifupi, hivyo chagua rezista nene ya waya. Kapasita kubwa husaidia kwa vigari vidogo. Diodi za kuzuia miruko ya volteji hufaa kwa pigo la mara moja, si kwa mteremko mrefu.

Hatua ya 8: Utazame mkondo kwa macho

Funga rezista ya 0.1 omu mfululizo na mota. Kila ampea ni 0.1 V kwenye osiloskopu. Wengi huiweka kwenye waya wa ardhi wa daraja kwa sababu ni rahisi, kisha wanapotea. Hapo, wakati wa kufifia polepole mkondo unazunguka ndani ya daraja na haupiti kwenye rezista kabisa. Utaona sifuri na kudhani mota imezimika. Wakati wa kufifia haraka utaona mkondo hasi. Mahali hapo panakuonyesha mkondo wa betri, na hizo ni hesabu mbili tofauti: kwenye asilimia 15 na mota iliyoshikwa, betri inatoa 0.27 A huku koili ikibeba 1.8 A na kuchemka. Anayepima betri tu atasema mota haina mzigo.

Rezista ikiwa kwenye waya wa mota, ncha zake zote zinaruka kati ya ardhi na 12 V. Kibanio cha ardhi cha osiloskopu ya umeme wa ukutani usikifunge hapo, utaunganisha daraja na ardhi ya jengo. Tumia chaneli mbili na kutoa moja kwa nyingine, au osiloskopu ya betri.

Sasa endesha mota kwa asilimia 80, ishushe hadi 50, na tazama. Mkondo ukishuka chini ya sifuri na kukaa huko kwa muda, una breki ya kurudisha umeme. Ukifika sifuri na kulala hapo, mkondo wako unapita kwenye diodi au daraja linazimwa lote. Rudi Hatua ya 4 na ukague pini. Ukishaipata, hamisha chaneli moja kwenye chanya ya daraja na urudie breki kutoka mwendo wa juu kabisa. Volteji hiyo ikikaribia kikomo cha draiva, funga rezista ya breki kabla ya kukiweka kigari sakafuni.